Sekunde Kumi na Moja za Bibi Minza

“Huyu bibi anatazama nini?”

Tunu, msichana anayeunga video za studio, aliuliza hivyo saa saba mchana, ndani ya chumba kilichozibwa mapazia meusi, Mtendeni, Tabora mjini. Swali halikuwa gumu. Mtu pekee aliyepaswa kulijibu alikuwa anamalizia paja la kuku.

Mtu huyo anaitwa Adinani. Nimtendee haki: kwenye leseni ya biashara ameandikwa mpiga picha za sherehe. Jina la Dairekta amejipa mwenyewe, akalichapisha kwenye mgongo wa fulana kwa herufi ambazo unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara hata kama huna haja.

Kwenye skrini alikuwa Bibi Minza, kikongwe wa Kisukuma wa kijiji kimoja huko Igunga, amekaa kwenye kigoda siku ya harusi ya mjukuu wake, Suzana. Macho yake mekundu, na katikati ya wekundu kuna ukungu mweupe. Amekaza uso, kaelekea kushoto kidogo mwa kamera, hapepesi. Sekunde kumi na moja nzima.

“Kaka Adinani, wewe ndiye ulishika kamera. Pale pembeni palikuwa na nini?”

“Kata hapo,” Adinani alisema, akajifuta vidole kwenye pazia. “Anza anapogeuka, ishia kabla hajafungua mdomo. Nimempata mchawi wangu.”

Alikuwa anatengeneza filamu ya kwenye simu, dakika ishirini, jina lake *Jicho la Jirani*. Mtoto anaugua, mama analia, jirani mzee ndiye aliyemtazama. Hadithi tuliyoichoka tangu tunanyonya. Alikuwa na kila kitu isipokuwa jirani, kwa sababu Agnetha, mwigizaji aliyeahidiwa nafasi hiyo, alisoma ukurasa wa kwanza akamwambia atafute mjinga mwingine.

Basi akaingia kwenye Kabati. Hapa lazima nieleze, maana wizi huu una utaratibu wake. Studio ile ina faili moja kwenye kompyuta linaloitwa Kabati la Nyuso. Humo wamehifadhi watu waliowapiga picha kwenye harusi za miaka minane: wanaocheka, wanaolia, waliosinzia. Ikiwa mama mkwe wa harusi ya leo hakulia, wanachukua machozi ya mama mkwe wa harusi ya mwaka juzi, wanayaunga, familia inapokea video na kusema, jamani, wageni waliguswa kweli. Hakuna anayegundua. Hakuna anayeombwa.

“Njoo nikufundishe,” Adinani alimwambia Tunu, mguu juu ya kiti. “Weka uso wa mtu, halafu weka sahani ya pilau. Watu watasema ana njaa. Weka uso uleule, halafu weka jeneza. Watasema, masikini, ana uchungu. Uso umefanya nini? Hakuna! Mkasi ndio umefanya. Mtazamaji anamalizia mwenyewe.”

Kwa hili hakukosea, na ndicho kinachoniudhi. Angekuwa mjinga ningemsamehe.

Wakaunga vipande vitatu. Cha kwanza: Zuena, binti yake Adinani wa miaka sita, amelala kwenye kitanda cha chumba cha nyuma cha studio, amepakwa poda aonekane mgonjwa, anajibana asicheke. Cha pili: Bibi Minza, sekunde kumi na moja. Cha tatu: Zuena anafumba macho taratibu. Adinani akaongeza wekundu kwenye macho ya bibi mpaka ule ukungu mweupe ukapotea. Sauti yote ya harusi ikafutwa, ikawekwa ngoma nzito ya kutisha. Bibi Minza hajawahi kumkaribia mtoto yule chini ya kilomita mia moja. Sasa wakawa chumba kimoja.

“Na idhini?” Tunu aliuliza.

“Ya nani?”

“Ya bibi.”

“Bibi wa kule ataiona wapi?”

Tunu naye simwachi. Alijua. Akabonyeza.

Filamu ikaenda. Nzega waliiona, Igunga waliiona, kwenye mabasi, kwenye minada ya ng'ombe, kwa mawakala wa simu. Siku ya tatu Tunu aliifungua kazi ile kwenye kompyuta ili arekebishe jina lililokosewa mwishoni, na pale uso wa Bibi Minza ulipogusana na kitanda cha Zuena akaona kuna kipande kingine katikati. Chembamba, nusu sekunde. Akakivuta kikawa kikubwa.

Kilikuwa chumba cha nyuma cha studio. Kitanda hakina mtu. Kimepigwa kutoka dirishani, nje.

Dirisha lile lina nondo, na nje yake kuna ukuta wa jirani, hata paka hapiti. Tunu akakifuta. Kesho yake kikawapo tena, sekunde moja kamili, na sasa kamera ilikuwa ndani ya chumba, imepita nondo. Akakifuta. Jioni hiyo kilikuwa ukumbini, kinatazama mlango wa chumba cha mapazia.

Chumba kikaanza kunuka moshi. Si wa mkaa wala wa takataka. Ulikuwa moshi wa samadi kavu ya ng'ombe, ule unaochoma macho taratibu, nayo hapa mjini hakuna anayeipikia. Na kwenye spika, zikiwa zimezimwa, palisikika njuga za miguuni, mbali, kama mtu anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu akisubiri.

Mnajua Adinani alifanya nini alipoambiwa? Alifurahi.

“Jini wa msafara huyo!” alisema, akipiga makofi. “Nyumba ya zamani hii! Misafara ya pembe yote ilipita hapa! Hebu washa kamera.”

Kila jini wa Tabora lazima awe alikuja na msafara. Nyumba ile ilijengwa na mjomba wake mwaka wa themanini na tisa, kwa matofali ya saruji.

Hawakuwasha kamera, kwa sababu Suzana aliingia bila kubisha hodi. Alishaolewa, anaishi hapa hapa mjini, na hata akiwa amekasirika bado alikuwa na adabu zake.

“Shikamoo kaka Adinani.”

“Marahaba bibi harusi! Umefuata albamu?”

Suzana akamwonyesha simu. “Huyu ni bibi yangu.”

“Ametoka vizuri sana.”

“Juzi usiku wamekwenda kwake watu tisa na mapanga. Mtoto wa jirani anaharisha, wakasema wamemwona bibi kwenye simu. Mhoja, baba yangu mdogo, akamtoa kwa mlango wa nyuma, akampakia kwenye lori la mpunga. Yuko kwangu. Hajala. Kaka, bibi yangu alikuwa anatazama nini pale? Wewe ulikuwepo. Sema alikuwa anatazama nini, uandike hapo chini watu wasome.”

“Ni sanaa, dada. Watu wenye akili wanaelewa ni sanaa.”

“Watu tisa!”

“Sasa mimi niwajibie watu tisa wa Igunga?”

“Lakini bibi yangu hata ha—”

“Dada, tuna kazi.”

Alimkatiza hapo hapo. Kukata ndiyo kazi yake. Tunu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwao, na hakumuuliza Suzana alitaka kumalizia vipi sentensi ile. Zilikuwa zimebaki silabi mbili.

Asubuhi ya siku ya tano Zuena akaamka na homa, anatetemeka, hataki uji. Hapa ndipo ninapokosa heshima iliyobaki. Adinani, aliyepaka poda kwa mkono wake, aliyeongeza wekundu kwa mkono wake, aliyejua dakika na sekunde ya uongo wake, aliingia studio ametoka jasho akasema:

“Yule kikongwe kanishikia mtoto.”

Tunu alimkodolea macho. “Kikongwe yupi?”

“Si yule! Hukuona alivyomtazama?”

“Kaka. Mimi na wewe ndio tuliounga.”

“Umeona alivyomtazama au hukuona? Na sasa kajificha hapa mjini, kwa mjukuu wake. Jioni narekodi video. Naweka jina, mtaa, rangi ya geti. Watu wamjue.”

Akatoka kwenda kutafuta taa. Basi hilo ndilo lililokuwa limebaki: mpaka jioni, kikongwe mmoja chini ya kitanda cha mjukuu wake, na geti la bluu.

Tunu akafunga mlango. Aliamua kufuta kazi yote ile, ili angalau pasiwe na chanzo cha kunakili tena. Ilikuwa saa saba na robo, umeme upo, nje jua linawaka, muuza barafu anapita akigonga chupa. Akafungua. Akaenda kwenye kiungo, pale uso wa bibi unapogusana na kitanda. Kile kipande sasa kilikuwa cha sekunde kumi na moja.

Kilionyesha chumba cha mapazia. Kilionyesha kiti. Kwenye kiti alikuwa amekaa msichana, amempa mgongo mpiga picha, kavaa blauzi ya kijani, na mbele yake kuna skrini, na kwenye skrini hiyo ndogo kuna msichana mwingine amempa mgongo mpiga picha, na Tunu akatazama mkono wake mwenyewe akaona blauzi ya kijani.

Hakugeuka, kwa sababu shingo ilikataa, na kwa sababu moshi wa samadi ulikuwa umeingia puani mpaka machozi yanatoka, na njuga ambazo siku zote zilikuwa mbali sasa zilikuwa nyuma ya kiti, mguu huu, mguu huu, na msichana wa kwenye skrini alikuwa anakuwa mkubwa kidogo kidogo, maana aliyemtazama alikuwa anasogea, hana haraka, amepita mlango uliofungwa kwa komeo, amepita ndoo ya maji, amefika kwenye fulana ya Dairekta iliyotundikwa msumarini, na spika zilizozimwa zikakohoa, na kwenye spika sauti nene ya mshereheshaji wa harusi moja ya zamani ikasema “Asanteni,” ikakatwa, ikaungwa na sauti ya mama mkwe wa harusi nyingine kabisa, aliyekuwa analia, ikasema “kwa kunipa,” ikakatwa, ikaungwa na sauti nyembamba ya mtoto wa kwaya ikasema “macho.”

*Asanteni. Kwa kunipa. Macho.*

Lile lililokuwa nyuma ya kiti likasema tena, likiwa limejifunza, viungo vikiwa laini zaidi, kama mtu mmoja mwenye makoo matatu. Kisha likachukua sauti ya padri: “Sasa.” Ya mshereheshaji: “tunamwomba.” Ya bibi harusi mmoja, yenye aibu: “anayefuata.” Ya mzee aliyekuwa anagawa zawadi: “asogee.”

Na kitu kikagusa nywele za Tunu nyuma ya sikio, kikavu, kama ncha ya utepe.

Alitoka bila viatu.

Ng'ambo ya barabara anakaa Abbasi, fundi charahani, anayesomea watu kisomo wakizidiwa, na huwa hafurahii kuombwa. Ndiye aliyekuwa karibu. Alimsikiliza akiwa na sindano mdomoni, akavuka, akasimama kizingitini pa studio, akanusa, akataka kuona filamu. Aliitazama mara moja tu.

“Bibi anatazama nini hapa?”

“Sijui, fundi.”

“Hujui, na umeunga?” Akatoa sindano mdomoni. “Mimi nikikata kitambaa najua kipande kinakwenda wapi. Nyie mmekata macho ya mtu, mmeyatoa kwenye kitu yalichokuwa nacho, mmeyashonea mahali hayajawahi kufika. Mshono umeacha nafasi. Wapo wanaotafuta nafasi, miaka na miaka, hawana uso, hawana pa kutazamia. Mmempa. Sasa mimi nisome nini? Nikimtoa atarudi humo humo. Mleteni mwenye macho yake.”

“Kaka Adinani atakasirika.”

“Kwa kweli ningewafungia humo na jini wenu nikaenda kuswali,” alisema Abbasi, akakaa kizingitini, akaanza kusoma, sauti ya chini, bila kuwatazama.

Saa kumi Suzana, aliyepigiwa simu na Tunu, akamleta bibi kwa bajaji, amefunikwa khanga mbili kichwani. Alipomshusha alimshika mkono. Ukingo wa mfereji ulipofika alisema, “Hapa mfereji, bibi,” na bibi akanyanyua mguu. “Hapa kizingiti.” Akanyanyua mguu. Tunu akaona.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mayu, mama yangu.” Bibi Minza aligeuza uso kwenye sauti, ila akapitiliza, akatazama kushoto kidogo. “Wewe ndiye mwenye mashine? Kuna mtu nyuma yako, mbona humkaribishi?”

Nyuma ya Tunu kulikuwa na chumba cha mapazia, wazi, kitupu. Abbasi akaongeza sauti.

“Haoni,” alisema Suzana. “Ndilo nililotaka kumwambia bwana wenu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa nne huu.”

Mwanamke asiyeona alifuatwa na mapanga kwa kosa la kutazama. Irudieni hiyo polepole, nyie mnaosema mnajua kutofautisha. Na majirani waliomshika mkono kila Jumapili kumvusha mtaro wa kanisani, mkono huo huo, waliiamini simu wakauacha mkono.

Adinani alifika wakati huo, taa begani. Alimwona bibi akarudi nyuma hatua mbili, mtu mzima mwenye ndevu, akajificha nyuma ya taa.

“Mtoeni! Mtoto wangu anakufa!”

Simu yake ikalia. Mkewe. Akabonyeza spika, wote wakasikia: “Baba Zuena, tumeshapima. Malaria. Wameandika kwenye karatasi. Ameshameza dawa, anataka chipsi. Mbona nakupigia tangu saa sita hupokei?”

Malaria, Tabora, mwezi wa tatu. Ajabu iliyoje.

“Weka ile ya harusi,” Abbasi akamwamuru Tunu. “Nzima. Kama ilivyopigwa. Na sauti yake.”

Tunu akaingia. Njuga zilikuwa zimemsubiri. Moshi ulimshika koo, na kwenye skrini yule msichana wa blauzi ya kijani alikuwa mkubwa mno, nywele tu na ukosi, na mbele ya nywele vidole virefu vilivyounganishwa vibaya, kila kimoja cha mtu tofauti: kimoja cha mtoto, kimoja kina hina, kimoja kina pete ya ndoa. Akapapasa, akatafuta faili la harusi ya Igunga, akalifungua kutoka mwanzo. Spika zikakohoa. “Anayefuata,” likasema, kwa makoo saba, “anayefuata, anayefuata—”

Halafu sauti ya harusi ikaingia.

Vumbi, vigelegele, ng'ombe mmoja analia. Sauti ya Adinani mwenyewe nyuma ya kamera: “Bibi, tazama huku! Bibi! Huyu naye!” Uso wa Bibi Minza ukageuka, ukapitiliza kamera, ukatulia. Sekunde kumi na moja. Na ndani ya sekunde hizo, kushoto, mbali, msichana anaimba kwa Kisukuma, peke yake, njuga zinamsindikiza miguuni.

Ukumbini, Bibi Minza alisimama, ameshika ukuta.

“Huyo ni Suzana,” alisema. “Ananiaga. Tulieni, nisikie.”

Kwenye skrini, sekunde ya kumi na mbili, ile waliyoikata, bibi yule akafungua mdomo akaitikia wimbo.

Na ukumbini akaitikia pia. Sauti mbili, moja ya harusini, moja ya leo, zikakutana bila kuungwa na mtu. Njuga za nyuma ya kiti zikajaribu kufuata, zikapoteza mdundo, zikanyamaza. Moshi ukakatika kama mtu amefunga mlango. Tunu akageuka kwa mara ya kwanza. Ndoo ya maji, msumari, fulana. Kwenye kiungo cha *Jicho la Jirani* hakukuwa na kipande cha katikati tena. Akaifuta kazi yote, na Kabati zima akalifuta.

Adinani hakurekodi video yake. Aliandika maneno kwenye ukurasa wake: “Kama kuna mtu yeyote aliyeumia, ieleweke ni sanaa.” Kama kuna. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye harusi nyingine, na fulana mpya.

Wanaotaka hadithi iishe hapo, samahani. Mkasi ulikuwa Mtendeni, ila nakala ziko kwenu. Mwezi uliopita Suzana alikwenda Igunga kuona kama bibi anaweza kurudi kwenye nyumba yake kabla kuta hazijaanguka. Stendi, kwenye benchi, akakuta mwanamume anaitazama *Jicho la Jirani* kwenye simu, ameinama, sauti juu. Suzana akachungulia begani kwake. Uso wa bibi ukapita, sekunde kumi na moja. Baada ya uso hakikuja kitanda. Hakuja Zuena. Kilikuja kisogo cha mwanamume, benchi, na stendi ya Igunga mchana ule ule, vimetazamwa kutoka nyuma, kwa karibu.

Mwanamume alikohoa, akasema pananuka moshi. Akabonyeza kutuma kwa wenzake.

Bibi Minza bado yuko Tabora, kwenye nyumba yenye geti la bluu, anauliza kila asubuhi kama leo anakwenda kwake. Kama una filamu ile kwenye simu yako, usiifungue kwanza kuhakikisha. Ifute.